Wanaowatunza wazee wenye kusahau nao wafunzwe

Miaka hii ya karibuni yamechipuka katika miji yetu madarasa ya kuwafunza vijana kazi ya kuwatunza wazee. Kijana hufunzwa namna ya kumgeuza kitandani mtu asiyejiweza, namna ya kumlisha asije akapaliwa, namna ya kumwogesha bila kumvunjia heshima, na namna ya kuzungumza na mtu ambaye kumbukumbu zimemtoka. Akishahitimu, macho yake huelekea ng'ambo. Huitazama Ujerumani, iliyotia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi na Kenya mnamo Septemba 2024. Huitazama Uingereza, ingawa mlango wa viza ambao nchi hiyo iliwafungulia watunzaji wa kigeni mwezi Februari 2022 ulifungwa tena Julai 2025. Huzitazama pia nchi za Ghuba. Sina kinyongo na kijana huyo, kwani riziki hufuatwa iliko. Ninalouliza ni hili: ni nani aliyefunzwa kumtunza nyanya yake aliyeachwa hapa Isebania?

Swali hili nalielekeza kwa walimu na wanafunzi, maana wao ndio wasomaji wa ukurasa huu, na ndio watakaoulizwa na kizazi kijacho ni elimu gani waliyoipeleka majumbani. Rai yangu ni kwamba mafunzo ya kuwatunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, yale yanayotolewa kwa njia ya simu na tarakilishi, yasiwe mali ya makao ya wazee ya Ulaya peke yake. Yafike katika makao machache tuliyo nayo Afrika Mashariki, yafike kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, na zaidi ya yote yafike katika boma, ambalo kwa wengi wetu ndilo makao ya wazee pekee tunayoyajua.

Yafaa kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Wataalamu huuita dimenshia, nao ni jina la jumla la magonjwa yanayouharibu ubongo polepole hata mtu akapoteza kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, lugha, na mwisho uwezo wa kujihudumia. Ulio mashuhuri zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, unaokadiriwa kuwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia ulimwenguni, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani, yaani nchi mfano wa yetu. Kwa hiyo anayedhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu amekosea hesabu.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba dimenshia si uzee. Mzee kusahau mahali alipoweka miwani yake si ajabu, hata vijana husahau. Mzee aliyepika ugali kwa miaka sitini, kisha siku moja akausimamia moto asijue hatua inayofuata, huyo ana jambo linalohitaji kuchunguzwa. Tukisema tu kwamba "ni uzee", tunamnyima uchunguzi, na pengine tunamnyima tiba. Yako maradhi mengi yanayoiga dimenshia ilhali yanatibika: upungufu wa damu, upungufu wa vitamini, hitilafu za tezi ya shingo, huzuni nzito ya moyo, hata dawa zilizochanganywa ovyo. Mzee akichanganyikiwa ghafla, leo mzima na kesho hamjui mwanawe, hiyo huwa ni dalili ya homa, ya maambukizi au ya kukauka maji mwilini, na anastahili kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo. Mtunzaji asiyelijua hilo huweza kumpoteza mzee kwa maradhi ambayo yangetibiwa kwa muda mfupi.

Je, ugonjwa huu umeenea kwetu kwa kiasi gani? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimiza umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7 kati ya watu milioni 47.6. Ni sehemu ndogo, lakini idadi yao inazidi kukua. Ndugu zetu wa Tanzania walikwisha kufanya kazi ya kupigiwa mfano katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti walikwenda katika vijiji sita, wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 wakakadiria kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na dimenshia. Tukikisia kwamba hali yetu haipishani sana na ya jirani zetu, basi katika kila wazee mia moja waliovuka miaka sabini katika kata zetu, sita hivi wanaishi na ugonjwa huu, na wengi wao hawajapata kuambiwa jina lake.

Sasa wanatunzwa wapi? Kenya ina makao kadhaa ya wazee yanayojulikana, kama yale ya Thogoto yanayosimamiwa na Kanisa la PCEA huko Kikuyu, na Nyumba ya Wazee ya masista jijini Nairobi. Tanzania ina makao ya Serikali kama Kolandoto huko Shinyanga na Nunge huko Kigamboni, na Zanzibar ina Welezo. Wafanyakazi wa makao hayo hufanya kazi ya sifa, aghalabu wakiwa wachache kuliko mahitaji. Hata hivyo, wazee wanaolala humo ni tone tu katika bahari. Hapa Isebania, mji huu wa mpakani ambako Mkuria, Mjaluo na Mkisii hununua na kuuza pamoja na ndugu wa Sirari upande wa pili, mzee hubaki bomani. Mkurugenzi wa makao hayo ni mwana wa kiume aliye Nairobi, anayetuma fedha kwa simu. Muuguzi mkuu ni mkaza mwana, ambaye pia anauza mboga sokoni. Muuguzi wa zamu ni msichana wa kazi. Hakuna kati yao aliyepata kufunzwa hata saa moja.

Nitatoa mfano mmoja kutoka ujirani wangu. Yupo mama mkongwe aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime, akaolewa huku zamani sana. Maradhi yalipomwingia, kila jioni alikuwa akijifunga leso yake na kushika njia ya kwenda mpakani, akisema kwamba baba yake anamngoja. Watu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, wakawa wanamwambia ukweli: "Mama, baba yako alikufa zamani." Naye kila jioni alikuwa akiipokea habari hiyo kama kwamba ndiyo kwanza anaisikia, akaomboleza kilio cha msiba hata majirani wakatoka nje. Matanga yale yalirudiwa siku baada ya siku.

Ndipo akaja msichana wa kazi kutoka pande za Homa Bay, wa miaka kumi na tisa hivi, ambaye hakuwa amefunzwa na mtu. Yeye hakubishana. Alimshika yule mama mkono, akatembea naye hatua chache, akamwuliza: "Nyanya, kwa baba kulikuwa na ng'ombe wangapi?" Mama akaanza kuwahesabu mmoja mmoja kwa rangi zao na tabia zao, nani alikuwa mkorofi na nani alikuwa na maziwa mengi, na kabla hajafika kwenye ndama walikuwa wamekwisha kugeuka na kurudi nyumbani. Hakukuwa na kilio wala kufuli. Ajabu ni kwamba jambo hilo alilolivumbua msichana yule kwa huruma na akili yake ndilo linalofundishwa na wataalamu katika makao ya wazee ya Ulaya: usishindane na kumbukumbu iliyopotea, itafute haja iliyo nyuma ya maneno, kisha uifuate kwa upole. Mama yule hakuwa akimtafuta baba tu. Alikuwa akitafuta mahali anapojulikana na kupendwa.

Msichana huyo aliondoka baada ya miezi michache kwa kupata kazi yenye ujira bora, nayo maarifa yake yakaondoka naye. Aliyemfuata alifunga mlango kwa kufuli. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Elimu inayopatikana kwa bahati hupotea kwa bahati. Kazi ya mafunzo ni kuichukua hekima ya msichana mmoja na kuifanya mali ya watunzaji elfu.

Tukipuuza jambo hili, gharama yake si kilio cha jioni peke yake. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti jirani ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Sisemi kwamba marehemu wale walikuwa na dimenshia. Hilo si langu kulisema. Ninachosema ni kwamba katika jamii inayoamini kuwa mwanamke mkongwe anayetembea usiku, anayesema peke yake, au anayekutwa katika ua wa jirani bila kujua alifikaje, ni mchawi, kila mgonjwa wa dimenshia anaishi ukingoni mwa hatari. Dalili za ugonjwa huu ni zile zile zinazotajwa na washtaki wa wachawi. Anayejua kwamba mzee huyo amepotea njia kwa sababu ubongo wake unaugua atamshika mkono amrejeshe kwao, na asiyejua huweza kuokota jiwe.

Wala sheria haijatuacha bila mwongozo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inaitaka Serikali ichukue hatua kuhakikisha kwamba wazee wanaishi kwa heshima na staha, hawadhulumiwi, na wanapata utunzaji na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Chini ya mpango wa Inua Jamii, wazee waliotimiza miaka 70 na kusajiliwa wamekuwa wakiandaliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wakazi wote waliofikia umri huo. Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini shilingi elfu mbili hununua unga na sabuni, haziwezi kununua subira wala ujuzi. Familia yenye fedha za Inua Jamii bado huweza kumfunga mzee wake kwa kamba, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ipo, na nusu ya vifaa vyake tunavyo mifukoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizindua mafunzo yanayoitwa iSupport, yanayotolewa kwa intaneti kwa ajili ya watu wanaowatunza wagonjwa wa dimenshia. Yamegawanywa katika sehemu tano: kuujua ugonjwa, maana ya kuwa mtunzaji, mtunzaji kujitunza mwenyewe, kazi za kila siku kama kulisha na kuogesha, na namna ya kukabiliana na mabadiliko ya tabia. Yametungwa makusudi ili kila nchi iyatohoe kwa lugha na desturi zake. Shirika hilo hilo lilikuwa limetangulia kutoa mwongozo wa mhGAP kwa wahudumu wa afya wasio mabingwa wa maradhi ya akili, ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 2016, na ndani yake mna sura ya dimenshia.

Upande wetu, mwezi Septemba 2023 Serikali ya Kenya iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, pamoja na simu za kuwekea kumbukumbu za kila nyumba wanayoizuru. Hebu tulitafakari jambo hili. Katika kila kijiji yupo mtu anayeaminiwa na wenyeji, anayebisha hodi, anayeijua njia ya kila boma, na mkononi ana simu inayoweza kubeba somo. Kinachokosekana ni somo lenyewe.

Wasiwasi kwamba teknolojia ya namna hiyo haifai vijijini umekwisha kujibiwa huko huko Hai. Watafiti walitunga kipimo kifupi cha kuwatambua wenye dimenshia, kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani. Huulizwa leo ni siku gani. Hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kukumbuka maneno aliyosomewa, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Baadaye kipimo hicho kiliwekwa katika simu na kujaribiwa mikononi mwa wahudumu wa afya wa kawaida. Hapa Kenya nako, katika kaunti ya Makueni, mradi wa utafiti ulioitwa STRiDE, ulioanza mwaka 2018, uliwahusisha wahudumu wa afya ya jamii katika juhudi za kupunguza unyanyapaa unaowaandama wagonjwa na familia zao. Kilichowezekana Hai na Makueni hakiwezi kushindikana Migori.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka vibaya. Mimi si shabiki wa simu. Mwalimu yeyote mkongwe anajua kwamba kumpa mtoto kitabu si kumfunza kusoma. Tuliyaona hayo kuanzia mwaka 2016, Serikali ilipogawa vishikwambi kwa maelfu ya shule za msingi: palipokuwa na mwalimu aliyeandaliwa, kifaa kilizaa matunda, palipokosekana mwalimu wa namna hiyo, kilikaa kabatini. Mafunzo ya utunzaji yana kanuni iyo hiyo. Nchini Uingereza ulifanywa utafiti mkubwa ulioitwa WHELD, katika makao ya wazee 69 yenye wakazi 847 wenye dimenshia. Wafanyakazi walifunzwa kumtazama kila mzee kama mtu mwenye historia na mapenzi yake, na kutenga muda wa kuzungumza naye mambo anayoyapenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba hali ya maisha ya wazee iliboreka na fadhaa ikapungua. Utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo, ulioitwa tEACH, ulilinganisha wafanyakazi waliojisomea kwenye tarakilishi peke yao na wale waliojisomea huku wakisaidiwa na mkufunzi aliyeonana nao kwa njia ya video. Manufaa yalidumu miezi kadhaa baadaye kwa wale waliokuwa na mkufunzi.

Funzo letu hapo ni wazi: simu hubeba somo, na binadamu hulitia uhai. Kwa hiyo mpango wowote utakaoletwa Isebania uwe na nguzo nne. Kwanza, masomo yawe mafupi, ya dakika kumi au kumi na tano, yanayosikika kwa sauti na kuonekana kwa picha, maana mkaza mwana anayechambua mboga hana muda wa kusoma kurasa arobaini. Pili, yawe katika Kiswahili chepesi, pamoja na Kikuria, Kijaluo na Ekegusii, kwa kuwa mgonjwa wa dimenshia aghalabu hurudi katika lugha aliyonyonya, na mtunzaji naye hulielewa jambo la moyoni kwa lugha ya moyoni. Tatu, yaweze kuhifadhiwa katika simu na kutumika bila intaneti, kwa sababu bando ni ghali na mtandao wa mpakani una kigeugeu. Nne, kila kundi la watunzaji liwe na mkufunzi wa kukutana nao ana kwa ana walau mara moja kwa mwezi, awe muuguzi wa zahanati au mhamasishaji aliyeandaliwa zaidi ya wenzake.

Na somo lenyewe lifundishe nini? Lifundishe kwanza kwamba mzee anayeuliza swali lile lile mara kumi hafanyi makusudi. Kwake yeye kila mara ni ya kwanza. Lifundishe kusema naye kwa sentensi fupi, ukiwa mbele yake, kwa sauti ya utulivu, ukimpa nafasi ya kujibu. Lifundishe kwamba mzee anayegoma kuoga huenda anaona baridi, au anaona haya kuvuliwa nguo na mtu asiyemkumbuka. Lifundishe kwamba ukali wa ghafla huweza kuwa ni maumivu ya jino au tumbo yaliyokosa maneno. Lieleze madhara ya kumfunga mtu kamba: vidonda, misuli kudhoofika, na hofu inayozidisha fadhaa. Badala ya kamba, lionyeshe ua wenye mlango unaoonekana, matembezi ya kila siku pamoja na mtu mwingine, kikaratasi chenye nambari ya simu mfukoni mwa mzee, na majirani, wapanda bodaboda na wafanyabiashara wa mpakani walioelezwa hali yake mapema. Katika mji kama wetu, ambako hatua chache humtoa mtu Kenya zikamwingiza Tanzania, hilo la mwisho si jambo la hiari.

Sehemu ya mtunzaji kujitunza isifanywe nyongeza ya mwisho. Kazi hii imewaangukia wanawake, tena wanawake wasiolipwa. Mkaza mwana hukatizwa usingizi usiku kucha, huamkia shambani au sokoni, na mgonjwa akipoteza uzito wifi zake humshuku yeye. Akichoka hana wa kumpokea. Mtu aliyechoka kiasi hicho akimfokea mzee si kwamba ni mwovu, amekwisha tu. Mafunzo yamwambie hivyo bila kumlaumu, na yawaambie wanaume wa nyumba ile kwamba kutuma fedha ni sehemu tu ya kutunza. Aidha wahamasishaji wa afya, ambao posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti, wasitwishwe kazi mpya kwa malipo ya zamani.

Najua wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema kwamba kuwatunza wazee ni desturi yetu Waafrika, na kwamba hatuhitaji kufunzwa na simu jinsi ya kumpenda mama. Namkubalia kwamba upendo tunao. Lakini upendo haukumzuia yule mwana kumwambia mama yake kila jioni kwamba baba amekufa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hawakutuambia la kufanya neno linapomharibikia mzee mwenyewe, kwani katika zama zao wachache waliishi hadi umri huo. Mwingine atasema kwamba nchi yenye uhaba wa dawa za malaria haina fedha za kufunza watu juu ya kusahau. Naye namjibu kwamba vifaa vingi vimekwisha kununuliwa. Somo lililotungwa mara moja halihitaji kununuliwa tena na kila kijiji, na mzee anayetunzwa vizuri nyumbani hampotezei mwanawe siku za kazi wala hamwachishi mjukuu masomo.

Nimemtaja mjukuu kwa sababu hapo ndipo mwalimu anapoingia. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupatwa na dimenshia, likakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake mna shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, pombe kupita kiasi, kupoteza uwezo wa kusikia na wa kuona, na upweke. Na jambo linalotangulia katika umri wa binadamu ni kukosa elimu utotoni. Mwalimu mwenzangu, nakusihi usilipite haraka. Msichana wa Kuria anayekatizwa masomo ili aozwe hanyang'anywi cheti tu. Anapunguziwa ngao ya uzeeni. Kila siku unayomfunza mtoto kufikiri, unajenga akiba itakayomfaa miaka sitini ijayo.

Mtaala wetu mpya nao umefungua mlango. Katika shule za upili za juu, somo la kuihudumia jamii limewekwa miongoni mwa masomo ya lazima. Mara nyingi wanafunzi hupelekwa kuokota taka na kupanda miti, mambo ambayo ni mema. Kwa nini wasifunzwe pia somo fupi la dimenshia, kisha wakamtembelea mzee wa jirani mara moja kwa wiki wakiwa wawili wawili, wakaandika kwa Kiswahili fasaha visa vya maisha yake, nyimbo azipendazo, na majina ya watu aliowapenda? Daftari hilo lingekuwa zana kwa mtunzaji, maana ndani yake angepata la kuuliza jioni inapochafuka. Lingekuwa zoezi la insha lenye uhai kuliko mengi tunayoyatoa darasani. Na mwanafunzi aliyepata kuketi na mzee wa namna hiyo ni vigumu kesho ajiunge na umati unaopiga kelele za mchawi.

Kwa hiyo nawaomba wahusika wasilichukulie jambo hili kama la anasa. Wizara ya Afya ililete somo la dimenshia katika simu za wahamasishaji wake, kwa Kiswahili kwanza na kwa lugha za mama zifuatazo. Kaunti za Migori na Homa Bay zitenge wauguzi wachache wawe wakufunzi, na zizungumze na wenzao wa mkoa wa Mara, kwa kuwa ugonjwa hauombi pasipoti. Vyuo vinavyowaandaa watunzaji kwa ajili ya Ulaya na Ghuba viwatake wanafunzi wao wafanye sehemu ya mazoezi katika maboma ya hapa nyumbani kabla ya kuabiri ndege. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, jioni ya leo mtakapoulizwa na nyanya swali mlilolijibu asubuhi, lijibuni tena kwa sauti ile ile ya asubuhi, kisha mwulizeni habari za ng'ombe wa baba yake.